Ipi Ina Nguvu? Maneno Niliyosema Bweyale Kuhusu Bakteria wa Udongo

Hotuba hii niliitoa mwezi wa Oktoba mbele ya wakulima na wanafunzi wa sekondari mjini Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Waliokuwa shambani siku hiyo wameniomba maneno yake, na nimeyaandika karibu yote kama yalivyotoka. Umeme ulikatika kabla sijaanza, kwa hiyo hata waliokuwepo hawakuona picha. Hamjakosa kitu.

Mzee mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, walimu, na ninyi vijana mliokaa nyuma mkingojea soda: hamjambo?

Hamjambo tena?

Sasa nimesikia watu. Mwalimu amenitambulisha kuwa natoka maabara, nikaona baadhi yenu mnatazamana, mkidhani nitawamwagia Kiingereza cha vitabuni. Siwezi. Baraza la mawaziri lilikubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini soko la Bweyale halikuwangoja mawaziri. Mwacholi, Mnyoro, Mlugbara na ndugu zetu waliokuja kutoka Sudan Kusini wanagombania bei ya mahindi kwa Kiswahili hapo nje kila siku ya Mungu. Basi na mimi nitaongea lugha ya sokoni, hata nikifika kwenye maneno magumu. Na maneno magumu yapo, nisiwadanganye.

Mwanzoni mwa msimu huu, mwezi wa nane, jirani yangu alinijia nyumbani. Ni mama wa makamo, ana ekari mbili za soya. Mkononi ana kaveera mbili, vile vifuko vya plastiki, na ndani ya kila moja unga mweusi kama vumbi la makaa. Zote mbili ameambiwa dukani kwamba ni bakteria wa kukuza mimea. Moja shilingi 10,000, nyingine shilingi 15,000. Akaziweka mezani, akaniuliza: "Mwanangu, ipi ina nguvu?"

Nikanyamaza. Mimi ninayelipwa kupima nguvu hiyo, nikanyamaza! Maana swali lile lina shimo katikati, na shimo hilohilo sisi watu wa maabara tumelitumbukia mara nyingi, tena tukiwa na digrii zetu. Nguvu ya kufanya nini? Na wapi? Leo sina jingine la kuwaambia ila hilo. Nguvu ya kufanya nini, na wapi?

Nguvu ya bakteria hawa iko kwenye vimeng'enya vyao. Kimeng'enya ni nini? Wanaopika malwa, pombe yetu ya ulezi, wanakijua kuliko mimi. Unaloweka ulezi, unauacha uote, unauanika, unausaga: hicho ni kimea. Ukikitia kwenye mtungi pamoja na unga uliokaangwa, kitu ambacho hakikuwa na utamu kinakuwa kitamu. Nani ametia sukari? Hakuna aliyetia. Punje ilipokuwa inaota ilitengeneza kitu cha kukatakata wanga kuwa sukari, na kitu hicho ndicho kimeng'enya. Na ninyi walokole msiosogelea mtungi, msidhani mmeachwa nje. Leo usiku tafuneni tonge la posho bila kumeza, mtafune tu, mpaka mdomo uanze kusikia utamu. Mate yenu yanafanya kazi ileile.

Kila kimeng'enya kina kazi yake. Kinachokata wanga hakigusi mafuta. Na hakiliwi na kazi: kinamaliza moja, kinashika nyingine, maelfu kwa maelfu, mpaka kiharibike kwa joto au uzee. Sasa shika udongo wa Bweyale kiganjani. Umeshika bakteria wengi kuliko watu wote wa Uganda, na kila mmoja ana mfuko wake wa vimeng'enya. Wengi hawakujali wala hawakuchukii. Wachache wanajisogeza kwenye mizizi, wanakula sukari inayovuja pale, na kwa kula kwao mmea unanufaika. Hao ndio wa kwenye kaveera.

Nianze na kimeng'enya ninachokipenda kuliko vyote, hata nikilaumiwa kwa upendeleo.

Mnaivishaje bogoya? Mzee pale anacheka. Unachimba shimo, unalitandika majani, unapanga mikungu, unafukiza moshi, unafunika. Siku chache baadaye zimekuwa za manjano. Kwa nini moshi? Kwa sababu ndani ya moshi mna gesi iitwayo ethilini, na ndizi yenyewe inaitoa pia. Ndizi moja ikiiva inaziita nyingine. Bibi zetu walijua kuitumia bila kuijua jina. Aliyeipa jina la mkosaji ni Mrusi, Dimitry Neljubow, huko St. Petersburg. Miche yake ya njegere ndani ya maabara ilikuwa inalala ubavu na kunenepa shina, ya nje inasimama vizuri. Akafuatilia mpaka akakuta sababu ni gesi ya taa iliyochafua hewa ya humo ndani, na katika gesi ile mwenye kosa ni ethilini. Aliyachapisha hayo mwaka 1901.

Sasa sikilizeni vizuri. Mmea wowote ukipata shida, jua kali, maji yaliyotuama, mdudu, jeraha la jembe, unatengeneza ethilini. Ni kilio chake. Kilio kidogo kina faida, kinauamsha ujikinge. Kilio kikizidi, mizizi inaacha kurefuka, majani yanazeeka kabla ya wakati. Ndiyo maana mahindi yakipigwa na kiangazi cha wiki mbili mwezi wa nne, mvua ikirudi mengine hayarudi. Maji yamepatikana, lakini mmea umeshajifungia.

Kabla ethilini haijawa ethilini huwa kitu kingine, na wanakemia wanakiita kwa herufi tatu: ACC. Chukueni kwamba ACC ni kuni na ethilini ni moshi. Mmea una kimeng'enya chake cha kuwasha kuni hizo. Lakini kuni nyingine zinavuja nje kupitia mizizi, na nje yuko nani? Yuko bakteria mwizi wa kuni. Anaibeba ACC, anaikata, anapata amonia ya kula pamoja na kitu kingine ambacho mwili wake unakitumia. Kadiri anavyoiba, moshi unapungua. Kimeng'enya cha wizi huo kinaitwa ACC deaminesi. Wajapani wawili, Mamoru Honma na Tokuji Shimomura, ndio waliokieleza mwaka 1978. Miaka 20 baadaye, 1998, Bernard Glick na wenzake wa Kanada wakaeleza kwa nini mwizi huyu ni rafiki wa mkulima.

Utasema: basi tafuta bakteria mwenye kimeng'enya kikali kuliko vyote, kazi imekwisha. Nami nilisema hivyohivyo. Lakini linganisheni mikono. Kimeng'enya cha mmea, yule mwasha moto, anakamata kuni hata ikiwa kijiti kimoja gizani. Cha bakteria kina mkono mlegevu, kinahitaji rundo ndipo kishike kitu. Wakigombania kijiti kimoja, mmea unashinda. Bakteria anashinda kwa nini? Kwa wingi. Glick na wenzake walikadiria kwamba kimeng'enya cha bakteria kinapaswa kuwa kingi mara 100 hadi 1,000 kuliko kile cha mmea ndipo kilio kipungue. Kwa hiyo ukiniletea karatasi inayosema kimeng'enya hiki kinashika vizuri kuliko kile, nitakuuliza: viko vingapi? Bakteria wenyewe wako wangapi kwenye mzizi? Wamefika mapema, kabla mmea haujaanza kulia, au wamekuja matangani?

Tuna kizingiti tunachokitumia. Donna Penrose na Glick mwaka 2003 waliandika namna ya kupima, na kwa kipimo chao bakteria akifikisha nanomoli 20 kwa kila miligramu ya protini kwa saa moja, anatosha kuusaidia mmea. Nanomoli ni kidogo kiasi cha kuchekesha, achaneni nayo. Kumbukeni neno kizingiti tu. Aliyepita kizingiti ameingia ndani. Kupita mara 10 hakuleti mizizi mirefu mara 10.

Na hapa ndipo orodha za mabingwa zinapoharibika. Rhizobia, wale wa vinundu vya soya na maharagwe, wengi wao kimeng'enya hiki wanacho kidogo sana ukiwalinganisha na bakteria wanaoishi huru kwenye mizizi, na wengine hawana kabisa. Ukiwapanga kwa mstari wa nguvu, rhizobia wanashika mkia. Je, tuwatupe? Bakteria anayeishi huru anauzunguka mzizi wote, ana kilio cha mmea mzima cha kupunguza. Rhizobia anatafuta mlango mmoja wa kuingilia, anatuliza moshi mlangoni pale tu ili kinundu kianze kuota. Kidogo chake kinamtosha. Nguvu ya kufanya nini, na wapi?

Sasa niwaambie aibu yangu. Walimu msiwaambie wanafunzi wasiokuwepo.

Nilipokuwa bado najifunza kazi, nilikuwa na bakteria wawili kutoka shamba la mahindi. Niwaite Kwanza na Pili. Kazi yenyewe iko hivi. Unawakuza kwenye mchuzi wenye chakula tele, unawaosha, unawahamishia kwenye mchuzi ambao naitrojeni pekee iliyopo ni ACC, ili wasipotengeneza kimeng'enya wafe njaa. Kisha unawavunja ukuta kwa dawa yenye harufu ya rangi ya milango, unawapa ACC kwa dakika 15, unasimamisha kwa asidi, unatia dawa ya manjano, halafu tone la mwisho, la soda kali, ndilo linalofichua siri. Bomba likibaki kama chai nyepesi, kazi ni ndogo. Likiwa na rangi nzito ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, kazi imefanyika.

La Pili lilikuwa chai nyepesi, unaona vidole vyako ng'ambo. La Kwanza lilikuwa zito hata mwanga haupiti. Nikaruka! Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: BINGWA. Nikampelekea mama aliyekuwa ananifundisha. Hakulitazama hata bomba. Akauliza: "Umegawa kwa protini?"

Sikuwa nimegawa.

Niwaeleze kwa jembe. Kundi la kwanza la vibarua limelima ekari 3, la pili ekari 2. Lipi hodari? La kwanza? Lakini la kwanza lina watu 12 na la pili lina watu 4. Kila mtu wa la kwanza amelima robo ekari, kila mtu wa la pili nusu ekari. Kwanza wangu alikuwa amezaliana kupita kiasi, bomba lake limejaa vibarua. Ndiyo maana tunapima pia protini, inayotuonyesha wingi wa vibarua. Njia tunayotumia wengi ni ya Marion Bradford ya mwaka 1976: maji ya rangi ya udongo yanayogeuka buluu yakikutana na protini. Nikapima, nikagawa. Pili ndiye aliyekuwa hodari. Nikafuta BINGWA kwa kalamu, na doa lake liko kwenye daftari mpaka leo.

Mnafikiri hadithi imeisha hapo? Tukawapeleka wote wawili kwenye vyungu, kwenye udongo wa kweli, sio mchuzi. Pili, hodari wa kibarua kimoja kimoja, hakuonekana kwenye mizizi. Alizidiwa na wenyeji wa udongo, akasongwa, akapotea. Kwanza, mvivu wetu, alijazana kwenye mizizi kama watu kwenye taksi ya Kampala siku ya Krismasi, na mahindi yake ndiyo yaliyovumilia kiu. Nikaanza kumwelewa yule mama. Hakuwa amesema Pili ni bora. Aliuliza tu kama nimegawa.

Tuje kwenye soya, maana naona wenye soya wamechoka kusikia mahindi.

Katika hewa mnayovuta sasa, karibu sehemu 78 kati ya 100 ni naitrojeni. Mahindi yanakuwa ya manjano kwa njaa ya naitrojeni huku yameogelea ndani yake, kama mtu aliyefungiwa kwenye ghala la mahindi makavu bila kinu wala moto. Kuivunja naitrojeni ya hewani si mchezo. Viwanda vya mbolea vinatumia joto la nyuzi 400 hadi 500 na shinikizo zaidi ya mara 100 ya hewa hii ya kawaida, na joto hilo ni gesi inayonunuliwa. Ndiyo maana vita vikizuka mbali huko, bei ya urea inapanda hapa Bweyale.

Kinundu cha soya kinaifanya kazi hiyo kimya, kwenye joto la udongo huuhuu, kwa kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi, chenye chuma na madini ya molibdeni ndani yake. Bure? Hapana, na wanaowauzia kwa kusema ni bure wanawadanganya. Kuvunja molekuli moja ya naitrojeni, bakteria anatumia angalau vipande 16 vya nguvu za mwili, na nguvu hizo zinatoka kwenye sukari ya soya. Mmea unalipa. Kwa hiyo mmea una hesabu zake kama mwenye duka: ukiukuta umeshiba naitrojeni, haufungui vinundu. Panda soya karibu na zizi la zamani la ng'ombe, utie bakteria bora duniani, vinundu vitakuwa vichache. Panda bakteria huyohuyo kwenye shamba lililochoka, vinundu vinajaa. Kimeng'enya ni kilekile. Nani sasa atamwita dhaifu?

Halafu naitrojenesi ina adui, naye ni oksijeni. Ikiigusa inaiharibu. Lakini bakteria mwenyewe anahitaji oksijeni kupumua, sasa atafanyaje? Kinundu kinatengeneza kitu chekundu, ndugu wa damu yetu, kinachoibeba oksijeni kidogo kidogo na kuigawa kwa kipimo. Hapa mkulima ana maabara yake bila umeme. Ng'oa soya kwa jembe, usiivute, vinundu vitabaki chini. Osha mizizi. Pasua kinundu kwa ukucha wa kidole gumba. Kikiwa na wekundu ndani kama nyama mbichi, kimeng'enya kiko kazini. Kikiwa cheupe, hakijaanza, au mpangaji aliyeingia ni mla bure. Kikiwa kijani au kijivu, kazi imekwisha.

Sisi maabara tunapima kwa ujanja mwingine. Naitrojenesi si mchaguzi sana: ukiipa asetilini, ile gesi ya mafundi wa kuchomelea vyuma, inaigeuza kuwa, nani atajibu? Ethilini! Gesi ileile ya bogoya. Unafungia mizizi kwenye chupa, unatia asetilini, unasubiri, unapima ethilini iliyotoka. Kwa kimeng'enya cha kwanza ethilini ni kilio tunachotaka kipungue, kwa hiki ni alama ya kazi tunayotaka iongezeke. Mkisoma jedwali la mtafiti mkaona ethilini imepanda, msishangilie wala msilie kabla ya kuuliza alikuwa anapima nini.

Kuna mwanamke mmoja ningependa vijana wa kike hapo nyuma mmjue. Johanna Döbereiner alizaliwa mwaka 1924 huko Chekoslovakia, akahamia Brazili, akafanya kazi yake yote kwenye udongo. Brazili ilipoanza kupanua soya, wengi walitaka wafuate njia ya nchi tajiri na kumwaga mbolea ya naitrojeni. Yeye na wenzake wakashikilia kwamba mbegu zichaguliwe zikiwa zinategemea bakteria, bila kulishwa naitrojeni ya kiwandani, ili mbegu na bakteria wazoeane. Mnaona walichofanya? Hawakutafuta bakteria mwenye nguvu peke yake. Walichagua ndoa. Mpaka leo soya ya Brazili, na ni nyingi kupita maelezo, naitrojeni yake kubwa inatoka kwa bakteria. Mama huyo alifariki mwaka 2000. Na sisi hapa tuna soya za Makerere, hizo mnazoziita Maksoy. Ukiuliza duka habari ya bakteria, uliza pia amezoea mbegu gani.

Fosforasi, chakula kingine cha mmea, nitaipita haraka, jua linakwenda. Udongo wetu mwekundu una fosforasi, lakini chuma na alumini vimeikumbatia, haitoki. Mashariki, Tororo, vilima vya Sukulu vina mwamba wa fosfeti, na miaka ya 1960 palikuwa na kiwanda cha kuitengeneza mbolea. Bakteria wengine wana kimeng'enya kinachogeuza sukari kuwa asidi, na asidi ile inalegeza fosfeti ya madini. Wengine wana fosfatesi na faitesi, za kukata fosforasi iliyofungwa kwenye mabaki ya mimea na mbegu. Maabara tunawajaribu kwenye sahani yenye jeli nyeupe kama maziwa, mtindo wa Pikovskaya, mtafiti wa Kirusi, tangu 1948. Anayeweza anaacha duara safi kumzunguka, kama mwezi uliozungukwa na ukungu. Inapendeza macho! Lakini weupe ule ni fosfeti ya kalsiamu. Udongo wenu ni wa chuma. Mwenye duara kubwa kwenye sahani anaweza kuja hapa akakodoa macho tu. Nimewahi kuona duara limechapishwa kwenye pakiti kama cheti cha ndoa. Nguvu ya kufanya nini, na wapi?

Kuna mtego mmoja zaidi, huu ni wa vijana wa sayansi. Siku hizi watu hawapimi tena. Wanasoma jeni kwenye kompyuta, wanaona inafanana na jeni ya ACC deaminesi, wanaandika: anayo. Nyanya iliandikiwa hivyo. Ikasemwa ina kimeng'enya kama cha bakteria. Walipokitengeneza wakakipima, hakikugusa ACC. Kilikuwa kinakata kitu kingine kabisa, aina ya sisteini. Tena ikaonekana kwamba ukibadilisha viungo viwili tu kwenye mnyororo mrefu wa protini hiyo, kazi ya kimoja inakuwa kazi ya mwenzake. Pacha wa sura moja, mmoja fundi seremala, mwingine mpishi. Mtawajuaje kwa kuwatazama uso? Wapeni mbao.

Nirudi kwa jirani yangu, maana kaveera bado ziko mezani.

Sikumjibu ipi ina nguvu. Nilimuuliza: "Mama, msimu uliopita soya yako ilikuwa na shida gani?" Akasema iligeuka manjano kwenye wiki ya nne, na alipoing'oa mizizi ilikuwa laini kama ya mahindi, haina hata kinundu kimoja. Ndiyo hivyo. Tukasoma kaveera. Ya 15,000 ilikuwa ya bakteria wa mizizi ya mahindi na mboga, wa kuvumilia ukame, wenye ACC deaminesi. Huenda ni wazuri sana. Ya 10,000 ilikuwa rhizobia wa soya. Wa soya, si wa maharagwe. Hao ni watu wawili tofauti na hawabadilishani nyumba.

Basi achukue ya 10,000? Nikamuuliza aliikuta wapi dukani. Akasema ilitundikwa mlangoni kwa msumari, juani, karibu na betri za tochi. Mama yangu! Hao ni viumbe hai. Nikamwambia arudi aombe ya ndani, ya kivulini, atazame na tarehe. Akabishana nao, akapata. Tulichanganya na maji ya sukari kidogo ishike mbegu, chini ya mwembe, tukapanda siku ileile asubuhi, tukafukia bila kuchelewa. Na nikamsihi aache mistari minne bila unga, mbegu ileile, siku ileile. Hakupenda. Alisema nataka kumpunguzia mavuno. Alikubali nilipomwambia kwamba bila mistari ile, soya ikistawi mvua itadai ndiyo iliyofanya, na bakteria watadai ni wao, na hatutakuwa na shahidi.

Leo soya ile ina wiki nane. Mama mwenyewe amekaa pale mbele, mwenye kitenge cha bluu, na amekuja na ndoo mbili zilizofunikwa kwa gunia lenye maji. Moja ina mimea ya mistari ile minne, nyingine ni ya sehemu yenye unga. Ameng'oa alfajiri, kwa jembe, kama nilivyowaambia. Mimi sijaitazama bado, wala sijui ndoo ipi ni ipi, yeye peke yake ndiye anayejua, na amekataa kuniambia. Meza iko nje chini ya mti, maji yapo ya kuoshea mizizi. Wanafunzi sita waje na karatasi za kuhesabia. Wengine njooni na kucha zenu.